Pigo Moja, Vichwa Viwili

Shey, Leh,
Ladakh.
9 Februari 2020

Mpendwa mama mdogo Disket,

Jule, salamu nyingi. Habari za Chandigarh, na za hospitali? Mgongo umepoa, au bado wanakupanga zamu mbili mfululizo? Huku baridi imetukaba, maji yanaganda ndani ya ndoo. Tuko wazima, ila mmoja. Barua hii anakuletea jirani yetu Namgyal, anapanda ndege kesho. Simu ya nyumbani anayo baba, na ninayotaka kusema sitaki ayasikie.

Ajali unaijua. Tarehe nne mwezi uliopita, kwenye mazoezi ya hoki ya barafu pale bwawani, mimi na dada yangu pacha Kunzes tulikifukuzia kisahani kimoja cha mchezo tukagongana kichwa kwa kichwa. Barafu ile ile, sekunde ile ile, kofia zote mbili zikapasuka. Mimi nilitapika, nikalala, siku ya kumi nikarudi kucheza. Yeye wiki tano sasa anakaa pazia limefungwa. Mwanga unamchoma macho, na akisoma mistari miwili anashika kichwa.

Mama mdogo, nilimwonea wivu mpaka chakula hakipiti. Nafasi ya karibu na jiko, yake. Supu ya mifupa, yake. Anayebisha hodi anauliza, "Kunzes wetu anaendeleaje?" Wetu! Kwani mimi niligongwa na mto wa kulalia? Ni kwa sababu yeye anatakiwa timu ya Ladakh ya wasichana, na mimi ya wavulana imeniacha mara mbili. Hata kuzaliwa alinitangulia dakika ishirini, na hadi leo ananiita "wewe mtoto".

Basi nikaanza maneno. Kila tukikaa kula namwambia baba, "Pigo lilikuwa moja. Mimi nimepona, yeye anadeka tu." Nilisema leo, nikasema kesho. Baba hanisikilizi hata nikimwambia nyumba inaungua, lakini safari hii alinisikiliza. Akamwahidi kocha Lobzang kwamba Kunzes atacheza mechi ya mchujo Jumapili ijayo, tarehe kumi na sita.

Ulipopiga simu ukatueleza kwamba mtikisiko wa ubongo wa mtu haupimwi kwa mwenzake, na kwamba wanamichezo wasichana mara nyingi huchelewa kupona kuliko wavulana, na madaktari bado wanatafuta kwa nini, mimi nilicheka. Nikasema moyoni, haya, na mama mdogo naye kashanunuliwa.

Jana nikamfuata chumbani. "Inuka, malkia. Au unaogopa watu watajua umepona?"

Kunzes hachokozwi akanyamaza, unamjua. "Ngoja nikuonyeshe, wewe mtoto," akasema, akabeba viatu vyake vya barafu. Bwawani tulikuwa wawili tu. Akazunguka mara mbili, akiteleza vizuri kuliko mimi, na wivu ukanipanda. Nikamsukumia kisahani. Akakipokea, akasimama nacho katikati, akatazama huku na huku.

"Jigmat," akasema polepole, "goli letu ni lipi?"

Mama mdogo, lilikuwa limesimama goli moja tu.

Nikamwonyesha kwa kidole. Akaniambia asante, kwa adabu, kama anayemshukuru mpita njia. Nilipiga magoti nikamvua viatu mwenyewe, nikamrudisha nyumbani nimemshika mkono.

Leo asubuhi nimemweleza baba yote. Nimemwambia nilikosea, asicheze. Akanitazama mpaka nikaona haya. "Juzi anadeka, leo mgonjwa? Umeona ataingia timu ya Ladakh, ndiyo unamletea fitina." Mama naye akatikisa kichwa. Siwezi kuwalaumu. Kijiji kizima kinaujua wivu wangu. Kunzes mwenyewe hakatai kucheza, anaitaka timu hiyo kuliko kichwa chake.

Akianguka tena kabla hajapona, wewe ndiye unayejua kitakachompata. Mimi nakisia tu, na silali.

Nisalimie baba mdogo Tundup, na mwanao Nilza mbusu mashavu yote mawili. Bibi anakuombea kila asubuhi, nami nakuombea mikono yako ya uuguzi isichoke.

Tafadhali mpigie baba kabla ya Jumapili. Mwambie wewe ndiye unayekataza. Jina langu usilitaje kabisa, mama mdogo. Akisikia ni mimi niliyekuomba, atampeleka.

Mwanao akupendaye,
Jigmat