Chumvi ya Ng'ombe

Marahaba, mjukuu wangu Neema. Hapa Dirma tu wazima, na yule ng'ombe mwekundu amezaa jike. Unaniuliza: mama yako alikukataza kwenda Dodoma, ukaenda, na sasa hagombi, anakutumia unga tu. Je, amekusamehe au amekuchoka?

Mimi nitajuaje? Nikiwa msichana, mama alinikataza kwenda ziwani kuchota chumvi ya ng'ombe. Nikatoroka na punda. Niliporudi nilisubiri fimbo. Mama akawawekea ng'ombe ile chumvi, akawatazama wakiilamba, kisha akaniuliza, "Njiani kuna maji?" Nikasema hakuna.

Wiki iliyofuata akampakia punda magunia matupu mwenyewe. "Nenda. Wewe si unaijua njia?"

Ilikuwa sifa au adhabu? Mpaka leo sielewi. Nilitembea nalia, nikitamani anikataze. Kule ziwani nikafungua gunia nianze kuchota, nikakuta kibuyu cha maji, amekifunga kwa khanga yake asubuhi hiyo.

Huo unga, Neema, umeshauchota mpaka chini kabisa ya mfuko? Mimi sijui kitu, nauliza tu.

Bibi yako.