Mafuta ya Bawaba za Mwezini

Mjomba Yasini,

Shikamoo, japo hutaitikia. Nimetoka kupalilia kaburi lako sasa hivi, na nililolifuata huko nimeshindwa kulisema. Kwa hiyo naandika.

Mabawa yako ya jua bado yako karakanani hapa Ujiji, mabati kumi na mawili yamekunjwa kwenye vyuma. Tangu redio itangaze kwamba watu wamekanyaga mwezi, ulikuwa na neno moja tu: "Wakirudi kukaa, watataka umeme. Watabeba nini, kuni?" Ukaanza kubuni kitu kinachosafiri kimekunjwa, kikifika kule kijifungue chenyewe, bila mkono wa mtu. Mabati yalishika tu nafasi ya vile vioo vyeusi vya umeme wa jua ulivyoviona kitabuni. Watu walikucheka. Hata mimi nilicheka, huku nakushikia koleo.

Sasa hawacheki. Wanasema springi za lori ulizoweka za kuyafungua mabawa zilikuwa kali mno, ulijiua kwa kiherehere cha kushindana na Mungu. Nimewaacha waseme, mwaka mzima.

Mjomba, si springi. Ulinituma mafuta ya cherehani ya kupaka bawaba. Duka la ujamaa halikuwa nayo, na lori la kupanda Kasulu lilikuwa linaondoka. Nikapaka mawese. Ukaniuliza, "Umepaka?" Nikasema nimepaka. Mtu aliyekulia kwenye michikichi hawezi kusema hakujua kwamba mawese huganda. Nilijua. Nilijipa moyo tu kwamba baridi haitakuwa kali kiasi hicho.

Nawe baridi ndiyo uliyoifuata kule mlimani, kwa sababu mwezini kuna baridi. Alfajiri ukakata kamba iliyoyafunga, mabawa yakagoma kufunguka. Ukainama kutazama bawaba. Niliona jua linagusa bati, Mjomba. Nilifungua mdomo nikuite, nikaona aibu, maana ungeuliza kwa nini. Mawese yakayeyuka, mabawa yakafyatuka ghafla, chuma cha katikati kikakupiga kichwani. Tulikuteremsha kwa lori, hukufika hata Kidahwe ukiwa hai.

Sasa ni Mariamu, binti yako, mwenye kichwa kigumu kama chako. Kesho anayapandisha kulekule, amalize kazi yako na kukusafishia jina. Springi amezilegeza kidogo, akidhani ndizo zenye kosa. Bawaba hajazigusa, anasema ulizipaka wewe mwenyewe. Mawese yangu yamo humo bado. Mchana paa likipata moto nayasikia mabawa yakilia pale pembeni, tik, tik, nami naweka nyundo chini, natoka nje.

Nakuaga, Mjomba. Wino ukikauka tu nakwenda kwa Mariamu na kopo la mawese mkononi, nimweleze mbele ya haohao waliokucheka. Akinifukuza, haki yake. Ila kama hataniamini, akapanda hivyohivyo, nitapanda naye. Na mabawa yakigoma, nakuahidi, atakayeinama kutazama ni mimi.

Mpwa wako,
Hadija