Visu Kumi na Tisa vya Onchiri

Jumanne, 2 Julai 1996

Mwalimu wa ngumbaru alituambia tuandike mstari mmoja kila siku, mkono usisahau. Mwalimu mwenyewe alihama zamani. Mimi bado naandika. Lakini ya leo si ya mstari mmoja.

Mume wangu Onchiri amekataa uji tena. Vijiko vitatu, akageukia ukuta. Nikamwambia sikusaga wimbi nije kuulisha ukuta. Hakucheka. Zamani angecheka.

Koo limefunga. Daktari alisema tangu Aprili: mrudisheni nyumbani, mpeni anachotaka. Anachotaka! Mtu hamezi, atataka nini?

Leo nimejua. Aliniita, sauti kama karatasi inakunjwa. Nivute sanduku chini ya kitanda. Visu vyake.

Miaka arobaini mimi na sanduku hilo tumekaa nyumba moja kama wake wenza. Wenzake wakinunua ndama, yeye ananunua kisu. Alikuwa mpimaji wa misumari katika duka la vyuma la baba yake Haresh, huyu mwenye duka sasa, pale Kisii mjini. Kila mtu aliyepita na kisu cha ajabu — askari aliyerudi kutoka Burma, Mzungu wa chai anayefunga mizigo, Msomali wa ng'ombe — alimkuta Onchiri na mshahara mkononi. Visu kumi na tisa. Havikati nyama, havikati mboga. Ukishika kimoja anakuja mbio kama umeshika mtoto mchanga kwa mguu. Nikimgombeza ananiambia visu vinangoja. Ati kisu kizuri bei yake haishuki, inapanda. Mimi namwambia ndama pia bei hupanda, tena akikua anatoa maziwa.

Maneno hayo tumerushiana miaka arobaini. Nayajua kama wimbo wa kanisa.

Sasa anataka viuzwe. Si baadaye. Sasa, akiwa bado anasikia.

"Peleka kwa Haresh," alisema. "Nataka kusikia bei kabla sijaenda. Nijue kwamba hutaomba mtu chumvi."

Nikatoka nje nikafukuza kuku. Kuku hawakuwa na kosa.

Alhamisi, 4 Julai

Persis ameniuliza sanduku linaenda wapi. Persis ni mke wa mwanangu Ogari, anaishi hapa bomani. Ogari mwenyewe yuko Kericho kwa kiwanda cha chai, anakuja mwisho wa mwezi na sukari na maneno mengi. Mwezi uliopita alisema baba akienda, mimi nihamie jikoni kwa Persis, nisipike peke yangu. Alisema vizuri, kwa upendo. Lakini mimi nihamie jikoni kwa mtu? Nimejenga jiko langu kwa mikono hii. Nikalie kigoda cha mwingine nikingoja kupakuliwa?

Persis amesema vile ni vyuma tu, sokoni Nyamira kisu kipya si pesa nyingi. Nikamkemea. Mimi nina haki ya kuviita vyuma, nimevigombania miaka arobaini. Yeye ameolewa juzi.

Haresh ametuma ujumbe kwamba nije Jumatatu. Binamu yake Pratik wa Nairobi atakuwa dukani. Huyo ndiye ananunua visu vya zamani, ana hata kitabu cha picha zake.

Onchiri ameniambia nipeleke hivyo hivyo, ndani ya vitambaa vyake. Usivifungue, alisema. Akarudia. Usivifungue. Nikamwambia nimesikia, mimi si kiziwi.

Ijumaa, 5 Julai

Siku ya matayarisho. Kila Msabato anajua. Jua lisitue Ijumaa kama kuna kitu kichafu nyumbani. Sufuria, nguo, sakafu, miguu ya watoto. Nimefanya hivyo tangu nibatizwe, na mama mkwe wangu alifanya hivyo kabla yangu.

Nikavifungua.

Aibu! Vyeusi kama chini ya chungu. Vingine vina madoa ya kahawia. Mipini ya pembe imekuwa rangi ya tumbaku. Mafuta yameganda kwa vitambaa, yananuka. Na mimi niende nacho kitu hicho mjini, nikiweke kwa meza ya Wahindi waliosoma, waseme mke wa Onchiri haoshi vyombo?

Nikachukua majivu na gunzi la mahindi. Vile vilivyokataa nikavipiga waya ya sufuria na mchanga wa mtoni. Mipini nikailoweka kwa maji ya moto na sabuni. Mmoja ulipasuka kidogo. Halafu nikavinoa vyote kwa jiwe la mlangoni, kimoja kimoja, kuanzia ncha mpaka kwa mpini, pande zote mbili, hata pale karibu na mpini ambapo kulikuwa na vijialama vimejaa uchafu. Vikawa laini.

Kumi na nane. Cha kumi na tisa kimekwama ndani ya ala yake ya ngozi. Nilivuta, Persis akavuta, kikakataa. Nikakiacha.

Jua likishuka vilikuwa vimepangwa kwa uchaga nje, vinang'aa kama vijiko vya harusi. Persis alisema ungefikiri vimetoka dukani leo. Mikono yangu imechubuka. Lakini nilifurahi, wacha niandike hivyo. Miaka arobaini sijawahi kufanyia visu hivyo jambo jema hata moja. Leo nimefanya. Kwa ajili yake.

Sikumwambia. Nitamwambia pamoja na bei.

Jumamosi, 6 Julai

Sabato. Wazee wa kanisa walikuja kuomba hapa, kwa kuwa hawezi kwenda. Waliimba polepole. Katikati ya maombi alinivuta leso na kuniuliza kama visu vimeenda. Nikamwambia Jumatatu, na afunge macho, watu wanaongea na Mungu.

Maziwa, nusu kikombe. Yamerudi.

Jumatatu, 8 Julai

Nimerudi. Sijala. Sina njaa.

Haresh alinipokea vizuri. Amekuwa na upara, lakini mimi namwona bado yule mtoto aliyekuwa akibebwa na Onchiri mabegani katikati ya mifuko ya saruji. Aliuliza hali ya mzee. Nikamwambia. Akashika kaunta. Mke wake Sarla akaniletea chai ya tangawizi na kiti cha kuegemea. Pratik ni kijana mnene mwenye miwani, ana adabu. Alitandaza kitambaa cheupe mezani, akaweka kitabu chake cha picha kando, akatoa kioo kidogo cha kukuzia. Nikafungua sanduku. Nilikuwa nimevifunga kwa vitambaa vipya, nilipasua shuka.

Akafungua cha kwanza. Akakitazama. Akakiweka chini.

Cha pili. Chini.

Cha tatu, hata kioo hakutumia.

Wakaanza kuongea Kihindi chao, sauti ya chini, kama watu walio nyumba moja na maiti. Mimi nikanywa chai. Nilifikiri wanapanga bei.

Haresh akaniuliza polepole, "Mama, nani amevisafisha?"

"Ni mimi," nikasema. "Nani mwingine?"

Nilisema kwa kifua mbele! Laiti ningeweza kuyarudisha maneno hayo kinywani.

Akanieleza. Alieleza kama anaongea na mgonjwa. Mtu wa namna hii hanunui kisu akate. Ananunua umri wake. Ule weusi si uchafu, ni miaka. Vile vijialama karibu na mpini ni jina la fundi aliyekifua na mji wake, ndilo linaonyesha kisu ni cha nani na cha mwaka gani. Bila hilo hakuna anayejua. Na nilikuwa nimelifuta jina hilo kwa jiwe la mlangoni mara kumi na nane.

Pratik alisema neno moja tu kwa Kiswahili, na hakusema kwa ubaya. "Sasa ni visu vya jikoni."

Kikabaki kile kilichokwama. Haresh alikipaka ala yake mafuta, akakipasha joto juu ya jiko la Sarla, akavuta kidogo kidogo. Kikatoka. Cheusi. Karibu na mpini kuna taji dogo na herufi. Pratik akavua miwani, akavaa tena. Akafungua kitabu, akanionyesha picha. Ni kile kile! Halafu akataja bei.

Ni bei ya ndama jike pale soko la ng'ombe.

Nikauliza vile vingine je, kama singevigusa. Haresh akasema Mama tuache hayo. Nikamwambia mimi sikuja hapa kuachishwa, sema. Akatazama chini akasema vingi vingekuwa hivyo. Viwili zaidi ya hivyo.

Kwa hiyo mzee alikuwa sawa. Miaka arobaini.

Haresh akataka kununua vyote yeye mwenyewe, kutoka mfukoni mwake, kwa heshima ya Onchiri. Nikakataa. Sisi hatuuzi huruma. Na kile kimoja nacho sikukiuza. Sijui kwa nini. Nilishindwa kukiacha peke yake kwa meza ile.

Jumanne, 9 Julai

Jana alikuwa amelala nilipofika. Leo asubuhi ameamka akiniangalia. Macho yake yana ukungu tangu mwaka juzi, lakini anajua nilipo.

Akauliza bei.

Nilikuwa nimepanga kumwambia. Mimi simwogopi mtu, na Onchiri sijamwogopa hata siku moja. Nikafungua mdomo. Nikasema, "Ulikuwa sawa. Kisu kimoja, ndama mmoja."

Si uongo. Bei hiyo ilitajwa.

Alicheka. Sijamsikia akicheka tangu mwezi wa tatu. Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, nikamwinua, akaendelea kucheka ndani ya kikohozi. Ndama kumi na tisa, alisema. Ndama kumi na tisa chini ya kitanda na mke wangu analilia maziwa. Akamwita Persis aje asikie. Persis akanitazama mimi. Nikamtazama vile ninavyojua kumtazama mtu, akasema ndiyo baba, kumbe.

Amekunywa uji kikombe kizima. Umekaa.

Nimekwenda shambani kwa pareto nikachuma mpaka mvua ikanitoa. Hakuna aliyeniona.

Jumatano, 10 Julai

Anamwambia kila anayekuja. Mama wa maziwa. Mzee wa kanisa. Anamwambia kila mmoja kwamba mimi sitahamia jikoni kwa mtu yeyote. Hapo ndipo nimejua alimsikia Ogari siku ile. Alikuwa amelala, au tulidhani amelala.

Anataka Ogari aitwe aje asikie kwa masikio yake.

Persis ameniuliza kando, mama, sanduku mbona limerudi? Nikamwambia Pratik amekwenda kutafuta pesa. Hakuuliza tena. Amechukua ndoo yangu akaenda kuteka maji bila kutumwa. Heri angenijibu vibaya.

Alhamisi, 11 Julai

Amesikia sanduku likigonga mguu wa kitanda nilipofagia. Masikio yake hayajafa.

Akauliza, vimo? Nikasema vimo, mnunuzi bado. Basi leta, akasema, niviage kabla havijaenda. Nikamwambia amechoka. Akasema kesho. Nikasema tutaona.

Yeye hahitaji macho kwa visu hivyo. Zamani taa ikizimika alikuwa anavitaja gizani kwa kidole. Huyu ni wa Msomali. Huyu ni wa ile siku Ogari alizaliwa. Kidole gumba kinapita chini, kinafika karibu na mpini, kinasimama pale penye herufi. Halafu anataja. Nilikuwa namwambia anyamaze tulale.

Ijumaa, 12 Julai

Naandika nikiwa hapa kando yake. Sijui mikono niiweke wapi.

Ogari atafika kesho. Mzee hajanywa kitu tangu jana mchana. Asubuhi alisema neno moja, visu. Nikasema baadaye. Saa sita, visu. Saa tisa akanyoosha mkono tu, akauacha wazi juu ya blanketi.

Nimempa kile cha ala kwanza. Kidole kikapita, kikasimama. Akatabasamu. Kilikuwa cha baba yake Haresh, alisema, alipewa mwaka wa kwanza dukani. Akakiweka kifuani.

Akanyoosha mkono tena. Mimi nikakichukua kile kile polepole kutoka kifuani, nikakifunga kitambaa kingine, nikampa. Mwanamke mzima, mzee wa miaka yangu, nadanganya mgonjwa kama mtoto.

"Hiki nimekwisha kukiaga," alisema.

Basi nikampa kingine. Kile chenye mpini uliopasuka. Kidole gumba kikaanza kwa ncha. Kikashuka. Kikafika. Hakikusimama, kiliteleza kikapita. Kikarudi. Kikateleza tena. Akakigeuza upande wa pili. Nilikuwa nasikia kuku nje, nasikia Persis anasugua sufuria kwa mchanga, kwa sababu jua linashuka.

Akaniuliza, "Leo ni Ijumaa?"

Nikasema ndiyo.

Kidole bado kiko pale, kinazunguka. Nikafungua mdomo nimwambie. Nilikuwa tayari.

Akakiweka kifuani juu ya kile cha kwanza, akakipangusa kwa kiganja kana kwamba kina vumbi.

"Leta kingine, Mama Ogari."

Nimeleta. Amekishika hivyo hivyo. Amekiweka. Hakitaji ni cha nani, hanitazami. Vimebaki kumi na sita. Mkono uko wazi tena juu ya blanketi.