Kitambaa cha Kufunika Kompyuta

Karwirwa,

Shangazi zako wakifika kutoka Mikinduri kuona video ya harusi ya dada yako, wape chai kwanza. Hiyo CD usiipanguse tena na leso, haina makosa.

Asubuhi picha ilipokwama tena, nilimwambia kaka yako Muthomi kwamba ametuletea kompyuta mbovu. Akabeba mkoba, akaenda bila chai. Baadaye nikafungua kile kisahani cha kuwekea CD, nikavuta uzi mrefu wa manjano. Ulitoka kwa kitambaa nilichofuma mwenyewe kuifunika kompyuta.

Nimekitoa kitambaa hicho. Sasa picha inaenda vizuri.

Muthomi akirudi, ~~mwambie ni panya~~ usimwambie kitu, nitasema mwenyewe. Niko steji ya mabasi namtafuta, na miguu inaniuma.

Chupa nyekundu ni chai yake. Shangazi wasiiguse.

Mama