Mbuzi wa Susu na Farasi wa Baba Mwende

Jumatatu, 4 Agosti
Nepi kumi na moja kwa kamba. Maharagwe motoni. Mwende ameanza kutambaa na tangu hapo sijakaa chini. Leo alifika kwa majivu kabla sijageuka.

Nacheza nikimnyonyesha. Mkono mmoja mtoto, mkono mmoja simu. Ni ule mchezo wa majeshi tuliowekewa na Baba Mwende, yeye akiziba pancha huko Sultan Hamud, mimi hapa kwao Mutomo. Anasogeza watu wake, ananitumia zamu. Nasogeza wangu, namrudishia. Mchezo unaningoja mpaka mtoto ashibe. Hakuna kingine hapa nyumbani kinachoningoja.

Amenishinda mara nne. Sasa ameandika tucheze mchezo wa mwisho kabla aje Jumamosi kwa likizo ya wiki moja. Atakayeshindwa ataamka na mtoto kila asubuhi saa kumi na moja, mwenzake alale. Saa hiyo Mwende huwa amechangamka kama siku ya soko. Sijalala hadi jua litoke tangu azaliwe. Naitaka hiyo wiki.

Najua angefaa kuamka hata bila mchezo. Nitamwambia. Lakini kwanza nimshinde.

Jumanne, 5 Agosti
Nimeharibu. Ramani ni vyumba vya pembe sita, kama masega ya asali. Mji wangu uko katikati na rangi ya kijani inaonyesha mpaka wangu. Nilipoona mto nikapeleka wenye mikuki wote watatu wakaulinde. Nani huacha maji bila mtu? Yeye akapita nyuma na farasi wake, akachukua shamba langu la ngano. Kijani kimerudi nyuma.

Kumbe kwa huu mchezo maji si shida. Aliyeutengeneza hajawahi kuishi na ukame wa Mutomo.

Ameniandikia: "Mama Mwende, huo mto unaulinda uende wapi?" Nimecheka. Nimekasirika pia.

Jumatano, 6 Agosti
Meno. Mwende amelia mchana kutwa. Sijasogeza mtu hata mmoja. Nimetia chumvi kwa chai na nikainywa.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimeelewa. Naandika nisisahau.

Susu, mamake Baba Mwende, hufunga mabeberu wawili mahali ua umebomoka, ndama wa jirani wasiingie kwa kunde. Wale mabeberu ni wakali. Kati yao kuna nafasi kubwa, lakini ndama akikanyaga pale anapigwa pembe. Nilimuuliza mbona asiwafunge karibu karibu. Akaniangalia kana kwamba sina macho. "Si unaona kamba zinakutana?"

Nikabaki nimesimama na ndoo.

Farasi wa Baba Mwende wakifika kando ya askari wangu huwa wanasimama, hata kama walikuwa na hatua zimebaki. Nilidhani ni simu inakwama. Kumbe ni kamba. Kila askari anashika vyumba sita vinavyomzunguka, na adui akiingia hapo zamu yake ya kutembea imekwisha. Kwa hivyo sihitaji kuwapanga bega kwa bega. Naacha vyumba viwili katikati. Kamba zinakutana.

Na jambo lingine. Askari wangu akijeruhiwa ndani ya kijani anapona kidogo kila zamu. Wake, wakiwa kwangu, hawaponi. Mgeni hauguzwi.

Ijumaa, 8 Agosti
Niliuacha mto. Nilipanga wawili kati ya kilima na mji. Kabla nisogeze wa tatu, Mwende akabonyeza kumaliza zamu. Kidole kimejaa uji. Nilitaka kulia.

Farasi mmoja akapita kwa pengo la yule wa tatu hadi mlangoni kwa mji. Wengine wanne walikwama kwa kamba. Chaji imebaki kidogo, maharagwe yanaungua. Nikaacha yaungue.

Nikamleta wa tatu, nikaziba. Yule wa ndani hakuweza kurudi wala kwenda. Zamu tatu, amekwisha. Wale wanne walipigana na watu wanaopona, wakaisha mmoja mmoja. Mji wake ulikuwa mtupu. Alileta farasi wote kwangu. Niliingia kwa miguu, nikashinda.

Ameandika: "Nani amekufundisha?"

Nikamjibu: "Mbuzi wa mama yako."

Nimecheza ngoma na mtoto uwanja mzima. Susu ameuliza kama kuna harusi.

Jumapili, 10 Agosti
Nimeamka mwenyewe. Jua liko kitandani. Nyumba imenyamaza na hakuna aliyeniita.

Baba Mwende amekaa sakafuni mlangoni, amenyoosha miguu yote miwili, mmoja kila upande. Uji uko kwa shati lake. Mwende anatambaa kuelekea nje, anafika kwenye mguu, anasimama. Anageuka, anajaribu ule mwingine. Anasimama tena.

Nilirudi kulala.