Eti Abdulhalim Alikubali

Hajira, nimetoka wodini kwa mume wa Mwanamkuu sasa hivi, hasira bado hazijanitoka.

Si unajua juzi Mwanamkuu alimleta Abdulhalim wake kwa boti kutoka Kiongoroni, nimonia imembana hata kuongea hawezi? Leo kakuta anachomwa dawa asiyoijua. Kauliza. Daktari akamjibu, "Ya utafiti, mama. Mwenyewe alikubali siku ile mlipofika."

Alikubali! Mtu hasemi!

"Alikubali vipi?" Mwanamkuu akauliza.

"Alitikisa kichwa."

Wallahi shoga, Mwanamkuu alipiga ukelele wodi nzima ikageuka. "Mume wangu alikuwa anatafuta pumzi! Kichwa kilikuwa kinakwenda chenyewe! Mimi nilikuwa hapo mlangoni, mlishindwa kuniita?"

Alitikisa kichwa, Hajira. Yaani!

Daktari mkuu akaja mbio, akaisimamisha ile dawa, akaomba radhi. Kisha akamwinamia Abdulhalim, maana leo pumzi imemrudia kidogo: "Kaka, tukutibu kwa dawa za kawaida tu, au unataka kuendelea na utafiti?"

Abdulhalim akaisogeza barakoa ya oksijeni pembeni. "Mngeniuliza, ningekubali," akasema. "Sasa sitaki."

Mwanamkuu akamrudishia barakoa yake, akakaa sakafuni, akalia.