Mizizi ya Bibi na Dawa Mbili za Majaribio

Bhoke mjukuu wangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Kenyamonta ulezi haukutoka vizuri, na bibi yako haachi kukuombea. Umeuliza kama unaweza kunywa mizizi aliyokutumia bila kuwaambia madaktari wanaokujaribia dawa mbili kwa pamoja kwa saratani yako ya damu.

Nilipokuwa kijana, bwana mifugo alimchoma ng'ombe wetu mgonjwa dawa mbili za majaribio. Tulikuwa tumeshamnywesha mizizi kwa siri. Akafa. Bwana mifugo akaandika kwamba dawa zake zimemuua, akaondoka. Baba alinitazama, na hatukumwambia habari ya mizizi. Ng'ombe wengine hawakuchomwa tena, ugonjwa ukawamaliza, zizi likabaki tupu, na la jirani pia.

Kama dawa zako zitakuponya, sijui. Ila kama umeshakunywa mizizi, waambie leo. Mimi sikusema.

Babu yako